Kijiti cha Njia Moja

Ilula haina reli, wala haijawahi kuwa nayo. Tuna barabara kuu, tuna nyanya na vitunguu, tuna mteremko wa Kitonga upande wa mashariki na Iringa mjini upande wa magharibi. Honi za malori tunazisikia usiku kucha, lakini mlio wa treni haufiki hapa. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini kitabu cha insha za imani, kinachosomwa katika sharika zetu, kiwe na habari za kibanda cha ishara na yadi ya reli. Nimeandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baba na babu zetu wengi walipita katika reli hiyo, wengine kwa hiari na wengine kwa shida, na habari zao hazisimuliwi sana. Ya pili ni kwamba katika kazi iliyofanywa ndani ya vibanda vile kuna maana ya neno imani ambayo nadhani tumeanza kuisahau, na kusahau kwetu kuna gharama.

Reli iliyo jirani nasi kwa safari ya basi iko Mikumi. Abiria anayetoka Ilula kwenda Dar es Salaam hushuka Kitonga, hupita Ruaha Mbuyuni penye mibuyu, kisha hufika Mikumi, na hapo barabara hukatana na reli nyembamba. Wengi hawaitazami, kwa kuwa wakati huo macho yao yanatafuta chakula au yanangoja wanyama wa hifadhini. Reli hiyo ni tawi la Reli ya Kati. Linaanzia Kilosa, lilifika Mikumi mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero chini ya milima ya Udzungwa. Milima hiyo hiyo sisi wa Kilolo tunaiona kwa mgongo wake wa magharibi. Watu wa Kidatu wanaiona kwa uso. Urefu wa tawi lote ni kama kilomita 108.

Njia inayotumika huwa na reli zenye kung'aa kwa juu, kwa sababu magurudumu yanazisugua kila siku. Ukiona kutu imefunika mpaka juu, na nyasi zimesimama kati ya mataruma, unajua bila kuuliza kwamba treni haipiti hapo. Tawi la Kidatu limekuwa katika hali hiyo ya kusinzia kwa muda mrefu, likiamshwa mara chache tu. Hata hivyo udongo wa reli hausahau upesi. Tuta lipo, makalvati yapo, na yadi hujulikana hata baada ya miti kuota ndani yake, kwa sababu hakuna kiwanja kingine kilicho kirefu, chembamba na tambarare namna ile.

Reli ya Kati yenyewe, mama wa tawi hili, ilianzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Kilosa 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914: kilomita 1,252 kutoka bahari mpaka ziwa. Tarehe hizo zinasomeka kwa namna ya pekee hapa kwetu. Lugalo iko jirani na Ilula, na ni pale tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa walipoliangamiza jeshi la Emil von Zelewski. Mkwawa alifariki mwaka 1898. Reli ilipofika Kilosa, mtoto aliyezaliwa mwaka wa Lugalo alikuwa kijana wa miaka 18, yaani umri wa kuhesabiwa kwa kodi na kutafutwa kwa kazi. Kwa kijana huyo reli haikuwa maendeleo kama tulivyofundishwa kuimba shuleni. Ilikuwa mali ya mshindi, na iliwekwa ili kubeba mazao na watu kwa faida ya mshindi.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya vita ya kwanza ya dunia, walifikiria kuileta reli Nyanda za Juu Kusini. Mhandisi wa reli Clement Gillman alipima njia hizo, na ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Mwaka uleule uchumi wa dunia ulianguka, na reli ile haikujengwa. Badala ya treni, Iringa ikapata mabasi na malori ya shirika la reli, ambalo wazee waliliita Relwe, yakipanda kutoka Dodoma hadi Iringa na Mbeya. Tiketi ilikuwa ya Relwe ingawa gari lilikuwa na matairi.

Vijana wa Uhehe, Ubena na Ukinga walishuka kwenda reli na mashamba. Wengi walikwenda kwenye mkonge, Morogoro na Tanga, kwa mikataba. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kazi yake ilihesabiwa kwenye kipande, siku thelathini za kazi kwa kila kipande. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU, na Nyanda za Juu Kusini zikawa mojawapo ya mahali ilipochota watu. Baadaye, mashamba ya miwa ya Kilombero yalipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wengine wakaenda kukata miwa huko. Ukitaka kujua kwa nini kuna familia za Kilolo ambazo nusu yake iko Kidatu, Kilosa au Kimamba, jibu limo humo. Mtu alikwenda kwa msimu mmoja, akaoa, akazika mtoto, akabaki.

Nimetaja hayo kwa haraka, maana kila ukoo una habari zake na unaweza kuzisimulia vizuri kuliko mimi. Ninataka kukaa zaidi stesheni.

Stesheni ya reli ina sehemu ambayo abiria huziona, yaani jukwaa, dirisha la tiketi na benchi, na sehemu ambazo hazioni. Yadi ni uwanja wa reli nyingi zilizolazwa sambamba kando ya stesheni, ambako mabehewa hupangwa na kuunganishwa, na treni moja husubiri nyingine ipite. Katika stesheni kubwa zilizojengwa kwa desturi ya Kiingereza, yadi ilisimamiwa na kibanda cha ishara: chumba kilichoinuliwa ili mtu aione yadi yote, chenye madirisha mapana. Ndani yake kulikuwa na safu ya nyenzo za chuma. Kila wenzo uliunganishwa kwa waya au fimbo ya chuma na kitu kilichoko mbali kidogo nje. Wenzo mmoja ulishusha mkono wa ishara juu ya mlingoti ili dereva ajue anaweza kuingia. Mwingine ulisogeza zile reli zinazohama, ili treni ichukue njia ya kushoto au ya kulia.

Mgeni akiingia humo angedhani mwenye kibanda ni bwana mkubwa, anavuta anachotaka na treni inatii. Ukweli ulikuwa kinyume. Chini ya sakafu, nyenzo zile zilifungwa pamoja kwa vyuma vilivyokatwa kwa hesabu, kiasi kwamba wenzo wa ishara haukuvutika mpaka reli zinazohama ziwe zimekaa mahali pake. Na ukishaishusha ishara kumwita dereva, huwezi tena kuzisogeza reli zile mpaka uirudishe. Mwingereza John Saxby alipata hataza ya ufungaji wa namna hiyo mwaka 1856. Kwa maneno mepesi, alimjengea mfanyakazi mwema kizuizi dhidi ya mkono wake mwenyewe. Mtu mwenye nia njema, aliyechoka saa tisa usiku, angeweza kuvuta wenzo usiostahili, chuma kilikataa.

Lakini yadi ni jambo dogo ukilinganisha na njia yenyewe. Reli zetu ni za njia moja. Treni inayotoka Kilosa na ile inayotoka Mikumi zinatumia reli zilezile, na haziwezi kukwepana kama malori. Treni nzito haisimami kwa ghafla. Dereva akimwona mwenzake mbele kwenye kona, kwa kawaida muda umekwisha. Basi swali kubwa la reli ya njia moja, tangu mwanzo, lilikuwa hili: mtu aliyeko stesheni ya kwanza atajuaje kwamba kipande cha njia kilicho mbele, asichokiona, ni kitupu?

Jibu la zamani kabisa lilikuwa kijiti. Kila kipande cha njia kati ya stesheni mbili kilikuwa na kijiti kimoja, kimeandikwa majina ya stesheni hizo. Dereva asiyekuwa na kijiti mkononi haondoki, hata kama mkuu wa stesheni ni rafiki yake, hata kama abiria wanapiga kelele. Kwa kuwa kijiti ni kimoja, treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Ubaya wake ni kwamba treni mbili zikitaka kwenda upande uleule kwa kufuatana, kijiti huondoka na ya kwanza na ya pili hukwama. Wakaongeza cheti: dereva wa kwanza aonyeshwe kijiti kwa macho yake mwenyewe, apewe cheti, aende, wa pili ndiye akibebe kijiti. Angalieni jambo hilo la kuonyeshwa. Kuambiwa kwamba kijiti kipo hakukutosha.

Kisha ikaja simu ya waya, na watu wakaona kijiti ni ushamba. Kwa nini tubebe vijiti, nao waya unaweza kuuliza na kujibu kwa dakika moja? Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, karibu na mji wa Norwich nchini Uingereza, msimamizi wa usiku alimwambia karani wa simu aandae ujumbe wa kuiruhusu treni ya upande wa pili ije. Ujumbe ulipaswa kutiwa sahihi kabla ya kutumwa. Karani aliutuma bila sahihi. Msimamizi naye, akidhani ujumbe haujaenda, akairuhusu treni yake iondoke. Walipogundua na kujaribu kuuzuia, jibu la upande wa pili likawa kwamba treni imeshaondoka. Watu wawili wakabaki ndani ya ofisi wakijua kitakachotokea, bila uwezo wa kufanya lolote. Treni ziligongana Thorpe, na watu 25 walikufa.

Kutokana na ajali hiyo Edward Tyer alitengeneza mashine aliyoiwekea hataza mwaka 1878. Mashine mbili ziliwekwa katika stesheni mbili zinazopakana, zikaunganishwa kwa umeme. Ndani yake mlikuwa na visahani vingi vya chuma, lakini kimoja tu kingeweza kuwa nje kwa wakati mmoja. Na mtu wa stesheni ya kwanza hakuweza kukitoa peke yake. Ilibidi mwenzake wa stesheni ya pili, maili kadhaa mbali, abonyeze upande wake. Ukishakitoa, mashine zote mbili zilifungwa mpaka kisahani kirudishwe. Hapo kijiti na simu viliungana: neno la mtu asiyeonekana, na kitu cha kushika mkononi.

Afrika Mashariki ilirithi kanuni hizo kwa viwango mbalimbali. Katika stesheni nyingi za Tanzania kazi hiyo imefanywa kwa simu ya stesheni na cheti cha karatasi. Mkuu wa stesheni humwuliza mwenzake kama njia ni tupu, mwenzake hujibu, jibu huandikwa, na dereva hukabidhiwa karatasi hiyo kama ruhusa yake. Hakuna chuma kinachokataa. Uzito wote uko juu ya uaminifu wa watu wawili na kalamu.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye lugha yetu. Imani, kuamini, uaminifu, amini, amana: yote ni maneno ya ukoo mmoja. Amana ni kitu ulichowekewa na mwingine ukitunze, ambacho si chako na utadaiwa. Kile kisahani cha Tyer kilikuwa amana. Cheti cha mkuu wa stesheni ni amana. Lakini katika mahubiri na mazungumzo yetu, neno imani limehama likawa karibu na neno kudhani: kuamini ni kutokuuliza, na mwenye kuuliza ana imani haba. Mtunza hazina akiombwa daftari, husema, "Kwani hamniamini?" Na wote tunainamisha macho kwa aibu, kana kwamba tumemtukana.

Reli ilijengwa juu ya kumwamini mtu usiyemwona, na haikuona kuuliza kuwa ni tusi. Mkuu wa stesheni hakuwahi kusema, "Namfahamu mwenzangu wa Mikumi, ni mtu mzuri, treni iende tu." Kila treni, kila siku, aliuliza upya. Mwenzake hakukasirika, angekasirika kama asingeulizwa, maana angejua kwamba siku moja atauawa mtu kwa heshima hiyo ya bandia.

Mtume Paulo aliielewa kazi hii kabla ya reli. Alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, kama tunavyosoma katika 2 Wakorintho 8, hakuubeba peke yake ingawa alikuwa mtume. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na anaeleza wazi kwamba alifanya hivyo ili mtu asipate la kumlaumu kuhusu fedha hizo. Sharika nyingi zinahesabu sadaka mezani kwa wazee wawili au zaidi, na kila mmoja anatia sahihi. Huo ni utaratibu wa Paulo, na ndio utaratibu wa Tyer. Kasoro huingia tunapoufuata Jumapili kwenye sadaka ya kawaida, halafu tukauacha kwenye michango mikubwa ya ujenzi kwa sababu aliyeshika fedha ni mtu wa heshima. Huko ndiko kutuma ujumbe bila sahihi.

Kuna ajali moja ambayo watu wa kanisa wanapaswa kuijua zaidi ya nyingine. Tarehe 12 Juni 1889 treni ya matembezi ya shule ya Jumapili ilitoka Armagh, Ireland, ikiwa imejaa watoto, wazazi na walimu wao. Ilikuwa nzito kuliko nguvu ya injini yake, ikakwama mlimani. Wakaamua kuikata: injini ivute mabehewa ya mbele kwanza, ya nyuma yasubiri. Mabehewa ya nyuma yalibaki na breki ndogo ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Yakaanza kurudi mteremkoni. Nyuma ilikuwa inakuja treni nyingine, kwa sababu katika njia ile treni zilitenganishwa kwa dakika tu: ya kwanza ikiondoka, hesabu dakika, toa ya pili. Hakuna aliyeuliza kama njia iliyo mbele ni tupu. Watu 80 walikufa, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa funguo, ili wasio na tiketi wasiingie.

Mwaka uleule bunge la Uingereza lilipitisha sheria. Dakika hazikutosha tena. Treni ya abiria isingeingia kipande cha njia mpaka ijulikane kuwa iliyotangulia imetoka. Nyenzo za ishara na reli zifungwe pamoja. Na breki iwe ya kufanya kazi katika mabehewa yote, na ijifunge yenyewe treni inapokatika. Mambo hayo matatu yalikuwa yakijulikana kabla ya Armagh. Makampuni yalikuwa yakisema ni ghali.

Kwetu, jina la Igandu linatosha. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,000 ilishindwa kusimama mteremkoni baada ya Msagali, ikarudi nyuma kwa mwendo wa kutisha, ikagongana na treni ya mizigo. Waliofariki walikuwa 281. Sharika nyingi nchini zilipoteza watu siku ile. Nimesikia ikihubiriwa makaburini kwamba ilikuwa mapenzi ya Mungu, na sitaki kugombana na wahubiri waliokuwa wakifariji watu. Ila Ezekieli 33 inamwekea mlinzi wa mji hesabu: akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake. Nabii hakusema upanga ukija tuseme yameandikwa. Breki ina mtu wa kuikagua, na njia ina mtu wa kuiulizia, na kila mmoja wao ni mlinzi ingawa hana mnara.

Turudi Kidatu, kwenye yadi. Miaka mitano baada ya tawi la Kilosa kufika hapo, ujenzi wa TAZARA ulianza. Wachina na Watanzania na Wazambia walijenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kati ya 1970 na 1975, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha; baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Kambi yao moja kubwa ilikuwa Mang'ula, jirani na Kidatu. Reli mpya ilipita karibu kabisa na mwisho wa reli ya zamani. Lakini ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli, na mpya ina milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na za kusini. Tofauti ni milimita 67, haizidi upana wa vidole vinne. Behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya, na la Mbeya haliwezi kwenda Kigoma.

Kwa zaidi ya miaka 20 reli hizi mbili zilipakana bila kupeana mzigo kwa utaratibu. Mwaka 1998 ndipo Kidatu ilipofunguliwa yadi ya kuhamishia mizigo, yenye reli za upana huu na za upana ule zikilala bega kwa bega, ili kontena lishushwe kutoka behewa moja na kupakiwa lingine. Hakuna upande uliokubali kung'oa reli zake, na sidhani ilikuwa lazima. Waliokutana katika yadi walikubali tu kwamba mzigo ni muhimu kuliko upana. Wakristo wa madhehebu tofauti katika mji mmoja kama Ilula wanajua jinsi ilivyo vigumu hata hilo, kwa mfano siku ya msiba, pakizuka swali la nani ataongoza ibada.

Sasa yadi ile imekuwa na kazi ndogo. Reli mpya ya kisasa, ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, na ishara zake zinaendeshwa kwa kompyuta. Haina kijiti. Hata hivyo kompyuta zake bado zinauliza swali lilelile la Tyer kabla ya kuiruhusu treni, tena mara nyingi kwa dakika, bila kuona haya.

Na wale waliokuwa wakiuliza kwa simu na kalamu? Tangu 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kama shirika moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Kenya ikabaki na reli yake, Uganda yake, na Tanzania ikaunda shirika lake. Injini na mabehewa yaligawanywa. Mafao ya wafanyakazi yakabaki yakijadiliwa. Mwafaka wa kugawana mali na madeni kati ya nchi hizo ulifikiwa mwaka 1984. Wastaafu wa Tanzania, ambao magazeti yaliwaita wazee wa Afrika Mashariki, waliendelea kudai. Walikwenda mahakamani, walilala nje ya ofisi, walikaa barabarani Dar es Salaam wakiwa na fimbo na makaratasi yao ya kazi. Kati yao walikuwamo madereva, mafundi, makarani wa bandari na posta, na wakuu wa stesheni ambao kwa miaka mingi hawakuipa treni njia kabla ya kuuliza na kujibiwa.

Makubaliano ya malipo kati yao na serikali yalifikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika, na hata hapo si wote walioridhika na walichopewa. Wengine walipokelewa na wajane wao dirishani. Wengine majina yao yaliitwa, pakawa kimya.